Akili Mnemba katika Masomo ya Afya: Kutoka Simu ya Mwanafunzi hadi Kitanda cha Mgonjwa

Mwishoni mwa Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitoa kwa umma programu iitwayo ChatGPT. Tangu wakati huo, mwanafunzi wa chuo mwenye simu janja na kifurushi cha intaneti anaweza kuandika swali lolote na kupata, katika sekunde chache, jibu lililopangika mithili ya ukurasa wa kitabu. Teknolojia hii huitwa akili mnemba. Nchini Kenya wengi huiita akili unde. Imeingia mabwenini na maktabani kabla vyuo vingi havijaandika kanuni za matumizi yake. Katika fani nyingi, jibu lisilo sahihi huishia kwenye karatasi ya mtihani. Katika fani za afya laweza kufika wodini, na kwa sababu hiyo jambo hili linamhusu mgonjwa sawasawa na linavyomhusu mwalimu.

Wanafunzi wa udaktari, uuguzi, famasia na maabara huitumia kwa njia zinazofanana. Wapo wanaoipa maandishi marefu ya mhadhara iyafupishe. Wapo wanaoitaka ieleze upya, kwa maneno mepesi, jinsi figo inavyodhibiti chumvi mwilini. Wengine huitungia kazi ya kuwauliza maswali usiku wa kuamkia mtihani, au huiomba isahihishe Kiingereza cha ripoti. Na wapo, hili lisifichwe, wanaoiachia iandike kazi nzima, kisha wakaweka jina lao juu.

Uwezo wake si wa kubezwa. Mwanzoni mwa 2023 watafiti walichapisha katika jarida la PLOS Digital Health matokeo ya kuijaribu ChatGPT kwa maswali ya mtihani wa leseni ya udaktari wa Marekani. Ilifikia au kukaribia kiwango cha kufaulu, bila kufundishwa mahususi kwa ajili ya mtihani huo. Hata hivyo, kufaulu maswali ya kuchagua jibu ni jambo moja, na kumhudumia mtoto anayetetemeka kwa homa saa nane za usiku ni jambo jingine.

Jinsi jibu linavyopatikana

Programu hizi hujengwa kwa kulishwa maandishi mengi mno, zikajifunza neno lipi huelekea kufuata lipi. Zinapoulizwa, hutunga jibu neno baada ya neno kwa kufuata uwezekano huo. Baadhi huweza pia kutafuta kurasa za intaneti kabla ya kujibu, lakini utungaji wenyewe hubaki wa aina ile ile. Kutokana na hilo, sentensi iliyo kweli na sentensi iliyo ya uongo hutoka zikiwa na ufasaha uleule na uhakika uleule. Ndiyo asili ya marejeo ya kubuni: programu huweza kutoa kichwa cha makala, majina ya waandishi, jarida na mwaka, vyote vikiwa na sura ya kweli, ilhali makala yenyewe haijapata kuandikwa popote. Mwanafunzi anayenakili marejeo hayo bila kuyafungua huwa ametia saini ushahidi wa uongo pasipo kujua.

Mfano wa dawa huonesha hatari hiyo vizuri zaidi. Malaria kali hutibiwa kwa sindano ya artesuneti, ambayo hutolewa mgonjwa anapopokelewa, kisha saa 12 na saa 24 baadaye. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 uliweka kipimo cha miligramu 2.4 kwa kila kilogramu ya uzito, kwa watu wazima na watoto pia. Baadaye ikaonekana kwamba mwili wa mtoto mdogo huiondoa dawa hii kwa namna inayofanya kipimo hicho kisitoshe. Mwongozo wa 2015 ukapandisha kipimo cha watoto walio chini ya kilogramu 20 hadi miligramu 3 kwa kilogramu.

Chukua mtoto wa kilogramu 12. Kwa mwongozo wa zamani angepata miligramu 28.8 kwa kila sindano. Kwa mwongozo mpya hupata miligramu 36. Pengo ni miligramu 7.2, yaani moja ya tano ya dawa anayostahili. Maandishi yenye kipimo cha zamani bado yamejaa kila mahali, na programu iliyosoma yote mawili inaweza kuibua lolote kati yake. Jibu la 2.4 halitaonekana kuwa kosa: ni namba halisi, lina chanzo halisi, ila muda wake umepita kwa mtoto huyo. Mwanafunzi ambaye hajasoma mwongozo wa matibabu unaotumika nchini hana chochote ndani yake cha kumshtua.

Kujifunza na kupewa jibu

Swali la pili ni gumu zaidi: je, mwanafunzi anayepata majibu sahihi kutoka kwa programu huwa amejifunza? Utafiti uliofanywa katika shule ya sekondari nchini Uturuki, ukihusisha wanafunzi wapatao elfu moja katika somo la hisabati, una funzo hata kwa vyuo vya afya. Kundi moja lilipewa programu inayojibu lolote, na katika mazoezi lilifanya vizuri kwa asilimia 48 zaidi ya wasiokuwa na programu. Ilipoondolewa wakati wa mtihani, kundi hilo likafanya vibaya kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuwahi kuwa nayo. Kundi lingine lilipewa programu iliyowekewa masharti ya kutoa vidokezo badala ya jibu. Kwao madhara hayo karibu yote yalitoweka. Tofauti ilitokana na kilichoombwa kwa programu.

Wala wataalamu waliobobea hawana kinga. Mwaka 2025 jarida la The Lancet Gastroenterology & Hepatology lilitoa utafiti kutoka vituo vinne nchini Poland, ambako madaktari wa uchunguzi wa utumbo mpana kwa kamera walikuwa wameanza kusaidiwa na akili mnemba kutambua vivimbe vinavyoweza kugeuka saratani. Katika uchunguzi uliofanywa bila msaada huo, kiwango cha kugundua vivimbe kilikuwa asilimia 28.4 kabla ya teknolojia kuletwa, na asilimia 22.4 baada ya madaktari kuizoea. Utafiti wa namna hii hauwezi kuthibitisha sababu peke yake, lakini unatisha vya kutosha: hawa walikuwa na ujuzi tayari kabla ya kupata msaidizi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili bado hajaujenga wa kupoteza.

Matumizi yenye faida, basi, ni yale yanayomlazimisha mwanafunzi afikiri kwanza. Aandike utambuzi wake wa ugonjwa na sababu zake, ndipo aombe programu itafute alichosahau. Aombe maswali kumi juu ya upungufu wa damu, ayajibu kitabu kikiwa kimefungwa, kisha asahihishe kwa kitabu na si kwa programu. Au aiagize programu ijifanye mgonjwa, naye achukue historia ya ugonjwa hatua kwa hatua. Zoezi hili ni zuri hasa kwa wenye haya ya kuuliza maswali ya siri.

Zoezi hilo nalo lina kasoro. Mgonjwa wa kwenye simu husema anajisikia maumivu ya kifua. Mgonjwa wa zahanati husema ana kichomi. Wa kwenye simu ana shinikizo la damu, wa zahanati presha yake imepanda. Mama atasema mtoto ana degedege, na ndani ya neno hilo mna mtukutiko wa mwili, mna hofu, pengine mna uamuzi wa kupita kwa mganga kwanza. Neno homa kwa mmoja ni joto la mwili, kwa mwingine ni malaria yenyewe. Haya hufundishwa na benchi la wagonjwa wa nje.

Siri ya mgonjwa

Liko jambo moja lisilo na mjadala. Mwanafunzi aliyechoka, akitakiwa kuwasilisha mgonjwa asubuhi, anaweza kushawishika kupiga picha ya faili na kuipakia kwenye programu ili impangie maelezo. Kuanzia hapo taarifa hizo zimetoka mikononi mwa hospitali na kuingia katika mitambo ya kampuni iliyo nchi nyingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo katika kundi la taarifa nyeti. Kufuta jina hakutoshi. Umri, kijiji, kazi na ugonjwa usio wa kawaida, vikiwekwa pamoja, humtambulisha mtu kwa yeyote anayetoka kijiji hicho.

Mgonjwa aliyelazwa katika hospitali ya kufundishia ana haki ya kumuuliza mwanafunzi anayeandika kando ya kitanda chake taarifa hizo zinakwenda wapi, na ya kukataa faili lake lisipigwe picha kwa simu ya mtu. Kukataa huko hakumpunguzii huduma. Muuguzi wa zamu anayeona simu imeelekezwa kwenye faili anapaswa kuuliza hapohapo, naye mwalimu wa wodi anaweza kujua mengi kwa swali dogo tu wakati wa mzunguko wa asubuhi: kipimo hiki cha dawa umekitoa ukurasa gani wa mwongozo?