Kuhamisha Mwasumini Mkubwa

Huku pwani ya Kilwa na Lindi, kanisa linapopanuliwa, mwasumini uliostawi mlangoni miaka mingi huonekana kizuizi, ukakatwa. Twawasihi msifanye haraka. Waweza kuhamishwa, ila kazi yake huanza miezi mitatu kabla.

Mwezi wa Septemba chimbeni mtaro upande mmoja wa shina, mbali nalo dhiraa moja. Kateni mizizi kwa jembe kali, kisha mfukie kwa udongo na samadi iliyooza, mkautie maji. Oktoba fanyeni vivyo upande wa pili. Karibu na shina itachipuka mizizi myembamba, nayo ndiyo inywayo maji. Mvua zikishika Desemba, punguzeni matawi kwa theluthi, mkaung'oe pamoja na bonge la udongo wake, limefungwa kwa gunia. Shina lisizikwe chini kuliko lilivyokuwa. Utieni kivuli cha makuti majuma mawili.

Majani yatapukutika, na wengi wakiona hayo hushika shoka. Kwaruzeni gome kwanza: likiwa bichi ndani, mti u hai. Yule mtunza mizabibu wa Luka 13 aliuombea mtini mwaka mmoja. Mwasumini hautaki muda huo wote.