Kompaila na kiwakilishi

Kompaila ni mfasiri: hupokea programu iliyoandikwa na mtu na kuitoa katika lugha ya mashine. Shida yake moja sisi wa isimu tunaifahamu. Anayemtaja tena "mzee aliyetoka Luvungi jana" aweza kurudia kirai chote, au kusema "yeye". Kompaila nayo, ikikuta kipande kinachoitwa mara nyingi, ama hukinakili kila mahali ama huacha mwito mfupi. Kunakili huweza kuongeza kasi, lakini mara nyingi hunenepesha faili.

Zamani wahandisi waliamua kwa kanuni walizotunga wenyewe. Mwaka 2021 watafiti wa Google walieleza MLGO: ndani ya kompaila ya LLVM, modeli iliyotuzwa kila faili ilipopungua ndiyo inayoamua. Faili zilipungua hadi asilimia 7 kuliko kwa kanuni za awali. Si haba kwa simu iliyojaa.

Modeli hiyo huchagua tu kati ya njia mbili zilizo sahihi zote. Anayefundisha mashine kutafsiri Kifuliiru hana kinga hiyo: kiambishi kimoja kikikosewa, aliyepigwa huwa ndiye aliyepiga, na sentensi bado inasomeka vizuri.