Shida ya Mali na Kura ya Mtu: Fundisho kutoka Ujerumani, 1928 hata 1933

Kila uchaguzi mkuu ukaribiapo watu huulizana: Mtu achaguapo wa kumtawala, huongozwa na nini? Je, ni tumbo lake, au ni maneno ya wale wazungukao wakimwomba kura? Katika somo hili tuitazame Ujerumani kati ya mwaka 1928 na 1933, kwa maana habari zake zimechunguzwa sana, na hesabu za kura zake zajulikana.

1. Jinsi shida ilivyoingia

Baada ya vita ya 1914–1918 Ujerumani ilitegemea sana fedha za mkopo, na nyingi zilitoka Marekani. Mwezi wa Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaanguka, na wakopeshaji wakaanza kudai fedha zao. Viwanda vikafungwa, bei za mazao zikashuka, na Julai 1931 benki moja kubwa ikafunga milango yake. Mwanzo wa mwaka 1932 watu wasio na kazi walizidi milioni 6. Heinrich Brüning, aliyeiongoza serikali tangu Machi 1930 hata Mei 1932, aliona kuwa dawa ni kubana matumizi. Akapunguza mishahara na misaada, akaongeza kodi, tena kwa amri za Rais, si kwa sheria zilizopitishwa na baraza.

2. Jinsi kura zilivyogeuka

Mwezi wa Mei 1928 chama cha Hitler kilipata kura zisizofika 3 katika kila 100, na viti 12 tu. Septemba 1930 kilipata kura 18 katika 100, na viti 107. Julai 1932 kikapata kura 37 katika 100, na viti 230, kikawa kikubwa kuliko vyote. Wakomunisti nao waliongezeka, na vyama vya watu wa katikati vikakaribia kutoweka.

Lakini tuangalie vema. Wenye shida hawakwenda wote njia moja. Waliokwisha kupoteza kazi walielekea zaidi kwa Wakomunisti. Waliomfuata Hitler kwa wingi ni wakulima, mafundi na wenye maduka madogo, yaani watu ambao hawajaanguka, lakini waliogopa kuanguka. Basi hofu ya kesho huweza kumgeuza mtu sawasawa na njaa ya leo. Tena uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 umeonyesha kwamba mahali palipobanwa zaidi kwa kodi na kwa kupunguziwa misaada, ndipo chama hicho kilipozidi kupata kura.

3. Neno linalotugusa sisi

Si vizuri kulificha jambo hili: Hitler alipata kura nyingi zaidi katika wilaya za Waprotestanti, ambao wengi wao walikuwa Walutheri, kuliko katika wilaya za Wakatoliki. Sababu moja ni hii. Wakatoliki walikuwa na vyama vyao vya siku nyingi, navyo havikutikisika sana katika shida. Wakulima wa Kiprotestanti waliona vyama vyao vya zamani vikivunjika, wakabaki kama kondoo wasio na zizi. Aliyekuja kuwaita kwa sauti kuu wakamfuata.

4. Kazi ya kuomba kura

Mwezi wa Aprili 1932 Hitler alisafiri kwa eropleni toka mji hata mji, jambo lililokuwa geni siku zile. Picha zilibandikwa kutani, na watu wakaahidiwa kazi na mkate. Wengi hudhani hotuba zake ndizo zilizowavuta watu. Lakini Simon Munzert na Peter Selb, waliochunguza mamia ya mikutano yake na kuchapisha habari hizo mwaka 2018, waliona kwamba kufika kwake mahali hakukuongeza kura nyingi. Twaweza kusema kwamba maneno hayakuizaa shida, bali yaliikuta tayari, yakaipa jina na mtu wa kulaumiwa: Wayahudi, mkataba wa Versailles na serikali ya jamhuri. Mfa maji hukamata maji.

Wala tusiseme kwamba shida humlazimisha mtu kuchagua vibaya. Mwaka huohuo wa 1932 Wamarekani, waliopatwa na shida ileile, walimwondoa Rais Hoover, wakamchagua Roosevelt katika majimbo 42 kati ya 48. Nao waliwaadhibu watawala wao, lakini haki ya kuchagua tena ilibaki mikononi mwao. Shida humwonyesha mtu mlango wa kutokea, lakini haimwambii aingie wapi.

5. Mwisho wake

Novemba 1932 chama cha Hitler kilipoteza kura kama milioni 2. Hata hivyo tarehe 30 Januari 1933 Rais Hindenburg alimpa uongozi wa serikali. Machi 1933, ijapokuwa wapinzani walikuwa wakipigwa na kufungwa, hakupata nusu ya kura. Lakini mwezi huohuo baraza likaipa serikali yake uwezo wa kutunga sheria bila baraza, na 14 Julai 1933 vyama vingine vyote vilikatazwa. Hivyo waliotoa kura wapate mkate, walinyang'anywa kura yenyewe.

Basi, ndugu, yatupasa kumpima kila aombaye kura kwa maswali haya, nasi tuyajadili nyumbani na katika vikundi vyetu:

(a) Je, aeleza jinsi atakavyoiondoa shida, au ataja tu wa kulaumiwa?
(b) Katika ahadi zake, ni nani atakayeumizwa ili mimi nishibe?
(c) Nikimpa kura leo, je, nitaweza kumnyima kesho?

Swali la tatu lisisahauliwe, kwa kuwa kosa la uchaguzi mmoja laweza kutengenezwa katika uchaguzi wa pili, mradi huo wa pili uwepo.