TB Inaposhika Mfuko wa Moyo: Kijitabu cha Kaya

Ugonjwa wenyewe

Moyo umefunikwa na mfuko mwembamba. TB, ambayo wengi tunaijua kwa kikohozi tu, inaweza kuingia kwenye mfuko huo ukajaa maji, moyo ukabanwa na kushindwa kusukuma damu. Katika nchi zetu za Afrika, TB ndiyo inayoongoza kwa kuleta tatizo hili, hasa kwa wanaoishi na VVU. Mgonjwa hakurogwa.

Mpelekeni hospitali mkiona haya

Miguu imevimba, tumbo linajaa. Anahema kwa hatua chache. Hawezi kulala chali, anakesha ameketi. Kifua kinachoma na hupata ahueni akiinama mbele. Mishipa ya shingo imetutumka. Homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, kukonda. Wengine hawakohoi hata kidogo, kwa hiyo msisubiri kikohozi. Akizimia, au akihema kwa shida hata ametulia, msingoje kupambazuke.

Sindano ya kutoa maji

Maji yakiwa mengi, daktari huyatoa kwa sindano. Ndugu wengi huikataa wakidhani ndiyo itakayomuua mgonjwa wao. Kinachoua ni moyo kuendelea kubanwa.

Usiache dawa ukipata nafuu

Hapa nawasihi mnisikilize. Dawa za TB humezwa kila siku kwa miezi 6: miezi 2 ya kwanza dawa za aina 4, miezi 4 inayofuata za aina 2. Baada ya wiki kadhaa uvimbe hushuka, hamu ya kula hurudi, mtu anakwenda shamba. Hapo ndipo anaposema amepona, na kadi inawekwa juu ya kabati. Hajapona. Wadudu wa TB bado wamo. Wagonjwa wa namna hii tunawapokea tena wakiwa wamebebwa, na safari hiyo dawa za kawaida huenda zisifanye kazi. Mfuko nao unaweza kukakamaa ukaubana moyo. Ukifika huko, sindano haisaidii tena. Ni upasuaji mkubwa, unaofanyika katika hospitali chache.

Usiache dawa ukipata nafuu. Una msiba mkoani? Safiri na dawa. Mkojo umekuwa mwekundu? Ni rangi ya dawa, si damu. Ramadhani imeingia? Humezwa mara moja kwa siku, muulize muuguzi saa ya kumeza. Unaombewa? Ombewa, na vidonge umeze. Huna hela? Katika vituo vya serikali dawa hizi ni bure. Ulisahau jana? Leo meza dozi ya leo, usizidishe, kisha mwambie muuguzi.

Pombe iwekwe kando hadi dozi iishe, maana pamoja na dawa hizi huumiza ini. Mama anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango aseme kliniki, kwa kuwa dawa ya TB huvipunguzia nguvu. Anayetumia ARV aseme pia, na asiache hata moja kwa uamuzi wake.

Macho yakiwa ya njano, ukitapika mfululizo, au ukianza kuona ukungu, nenda kituoni siku hiyohiyo kabla ya kumeza tena. Mhudumu ndiye atakayesema usimame au uendelee. Jirani hawezi kukuamulia, wala muuza duka la dawa.

Msimamizi nyumbani

Chagueni mtu mmoja wa kumwona mgonjwa akimeza, kila siku, kwa macho yake.

Kabla ya dozi kwisha

Miguu ikivimba tena, rudi hospitali uonwe moyo, huku ukiendelea na dawa.

Watoto wa nyumba hiyo

Wenye umri chini ya miaka 5 wapelekwe kupimwa, hata kama wanacheza vizuri. Asiye na TB hupewa dawa ya kumkinga. Nayo imalizwe.