Usimnunulie kijana pikipiki bila kumnunulia mafunzo

JUMA hili tuzungumze juu ya balaa ambalo haliletwi na mbu wala maji machafu, lakini linajaza wodi za mifupa kote nchini. Nazo ni ajali za pikipiki, hasa zile zinazowapata vijana walioanza kuendesha juzi na jana.

Asubuhi moja ya mvua za Novemba, hapa Kangeta, kijana wa miaka 19 aliletwa kwangu akiwa amelazwa nyuma ya pikapu ya miraa. Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika na kutoboa ngozi. Alikuwa akishusha magunia mawili ya miraa kutoka shambani kwenda sokoni, ambako magari ya Nairobi hayamsubiri mtu. Kwenye kona yenye tope jekundu juu ya lami, alimwona mama akivuka na mtoto. Akakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zake zote. Gurudumu la nyuma likateleza, pikipiki ikaanguka na kumlalia mguuni. Mama na mtoto hawakuguswa. Helmeti alikuwa nayo, lakini ilikuwa imening'inia kwenye usukani. Kichwa chake kiliokolewa na nyasi za kando ya barabara.

Nilimuuliza alijifunza wapi kuendesha.

"Kwa rafiki yangu, daktari. Alasiri moja tu nikajua."

"Na umeendesha kwa muda gani?"

"Wiki tatu. Mimi najua kuendesha, daktari. Ni breki iliyonidanganya."

Jumamosi mjomba wake alifika kutoka Nairobi. Ndiye aliyekuwa amemnunulia pikipiki hiyo kwa akiba yake. Aliketi ofisini mwangu akiwa ameshika kofia mkononi, akaniuliza: "Daktari, mimi nilitaka mpwa wangu apate kazi. Nilikosea wapi?"

Makala haya ni jibu langu kwa mjomba huyo, na kwako wewe msomaji wa mjini ambaye umemnunulia au unataka kumnunulia kijana wa nyumbani pikipiki.

Kwa nini vijana?

Bodaboda ilianzia mpakani Busia, watu walipokuwa wakivushwa kwa baiskeli kati ya Kenya na Uganda. Pikipiki zilienea upesi baada ya mwaka wa 2008, serikali ilipoziondolea kodi ya VAT zile zenye injini ndogo. Leo ndizo zinazobeba mgonjwa, mwanafunzi, maji na mazao. Hapa Igembe, bila pikipiki miraa ingenyauka kabla ya kufika sokoni. Kwa hiyo sisemi vijana waache kazi hii. Nasema waijue.

Kwetu Meru, kijana akishatoka jandoni hutarajiwa kujitegemea kama mwanamume. Lakini ubongo una kalenda yake. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima hatari na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia miaka 25. Macho ya kijana ni makali na mikono yake ni myepesi, lakini breki ya ndani ya kichwa haijakaza vizuri. Ongeza hapo kwamba miezi ya kwanza ya kuendesha ndiyo ya hatari zaidi kwa mtu wa umri wowote. Ujasiri huja siku ya kwanza, ujuzi huchelewa. Katika pengo hilo ndipo watu huumia.

Mwendo ni kama kimo

Vijana wengi hawauogopi mwendo kwa sababu hauonekani. Basi na tuupime kwa kitu kinachoonekana. Kugonga ukuta kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha meta 6 hivi, yaani kama kuruka kutoka ghorofa ya pili. Kwa kilomita 80 kwa saa, kimo hicho si meta 12 bali ni meta 25, karibu ghorofa ya nane. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kishindo huongezeka mara nne.

Kusimama nako ni vivyo hivyo. Kutoka unapoiona hatari hadi mkono ushike breki, hupita kama sekunde moja. Kwa kilomita 40, sekunde hiyo hukupeleka meta 11, kisha breki nzuri kwenye lami kavu huhitaji meta 10 nyingine. Jumla ni meta 21. Kwa kilomita 80, jumla hiyo hupita meta 60. Kwenye tope au changarawe, ongeza zaidi. Hakuna ushujaa unaoweza kufupisha meta hizo.

Hatua tano za kujifunza

Mjomba alipouliza alikokosea, nilimweleza kuwa pikipiki hujifunzwa kwa hatua, kama mtoto anavyojifunza kutembea. Asiruke hatua hata moja.

Hatua ya kwanza ni uwanja mtupu. Kijana ajifunze klachi, gia, kuondoka na kusimama bila kuyumba. Aendeshe polepole sana akizunguka duara. Anayeweza kwenda polepole bila kuweka mguu chini ndiye anayeimiliki pikipiki. Kukimbia kwenye barabara iliyonyooka hakuhitaji ujuzi.

Hatua ya pili ni breki, na hapa ndipo kijana wetu alipoangukia. Waendeshaji wengi huiogopa breki ya mbele kwa kuambiwa kwamba itawarusha. Ukweli ni kwamba unapopunguza mwendo, uzito huhamia mbele, gurudumu la mbele likashika ardhi zaidi na la nyuma likawa jepesi. Ndiyo maana breki ya nyuma peke yake huteleza upesi. Nguvu nyingi ya kusimamisha pikipiki iko mbele. Njia sahihi ni kutumia zote mbili kwa pamoja pikipiki ikiwa imesimama wima. Breki ya mbele ibanwe taratibu kama unavyokamua chungwa, isinyakuliwe ghafla. Zoezi hili lifanywe mara nyingi uwanjani, kwa mwendo mdogo kwanza, mpaka mkono ulifanye bila kuagizwa. Siku mtoto atakapokatiza barabara, hakutakuwa na nafasi ya kufikiri.

Hatua ya tatu ni kona na macho. Mwendo hupunguzwa kabla ya kona, si katikati yake. Macho yatazame mahali unapotaka kwenda, kwa sababu pikipiki hufuata macho. Anayekodolea shimo macho huingia shimoni.

Hatua ya nne ni barabara yenye magari machache, mchana, bila mzigo wala abiria. Hapa kijana hujifunza kukisia: pale gari limesimama, mlango waweza kufunguka, pale mpira umetokeza barabarani, mtoto yuaja nyuma yake.

Hatua ya tano ni mzigo, mvua, usiku na hatimaye abiria. Mzigo hubadilisha kila kitu: kona, breki, hata namna ya kuondoka. Aanze na gunia dogo lililofungwa imara na chini. Huku kwenye milima ya Nyambene kuna ukungu, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi huinua mafuta na vumbi na kuifanya lami iteleze. Abiria ni mtu wa mwisho kupanda, kwa sababu ni roho ya mwenzako. Sheria ya Kenya huruhusu abiria mmoja tu, na kubeba abiria kuna leseni yake, daraja la A3. Leseni ipatikane kupitia shule ya udereva na mtihani, si kwa njia za vichochoroni.

Hatua hizi huchukua majuma kadhaa. Kwa kijana mwenye haraka ya kuingiza pesa ni muda mrefu. Lakini mfupa wa muundi uliotoboa ngozi huchukua miezi mingi kuunga, na wakati huo hakuna senti inayoingia.

Helmeti haivaliwi na usukani

Mnamo Mei 1935, Mwingereza T. E. Lawrence, mwanajeshi na mwandishi mashuhuri, alianguka na pikipiki yake akiwa hana helmeti. Alikufa siku sita baadaye. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, mpasuaji wa ubongo Hugh Cairns, aliendelea kuchunguza majeraha ya kichwa ya wanajeshi wa pikipiki, na mwaka wa 1941 akachapisha matokeo yaliyoonyesha faida ya helmeti. Jeshi la Uingereza liliwalazimisha waendeshaji wake kuzivaa. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba helmeti hupunguza vifo kwa asilimia 42 hivi na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 hivi.

Lakini helmeti iwe imefungwa. Isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Ukanda ukaze kidevuni kiasi cha kupitisha vidole viwili tu. Nunua yenye alama ya Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS. Iliyowahi kupata kishindo kikubwa kazi yake imekwisha, hata kama haina ufa.

Abiria wengi hukataa helmeti wakiogopa mapunye. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni rahisi: tembea na kitambaa chepesi au kofia nyembamba ya kuvaa ndani. Mapunye yana tiba. Ubongo uliopondeka hauna. Mwendeshaji na abiria wavae pia jaketi linalong'aa kwenye mwanga, kama sheria inavyotaka.

Miraa haiondoi uchovu

Sitasema vibaya juu ya zao lililosomesha watoto wengi wa hapa. Ila kama daktari lazima nieleze. Ndani ya miraa mbichi mna kemikali iitwayo kathinoni, inayofanana na dawa za kuchangamsha mwili. Huufukuza usingizi, lakini hailipi deni la usingizi. Mwendeshaji hujiona hodari na hupenda kukimbia, huku akili yake ikiwa imechoka. Nguvu ya miraa ikiisha, deni lote hudaiwa kwa mkupuo, na sekunde tatu za kusinzia kwa mwendo wa kilomita 60 ni meta 50 bila dereva. Pombe ni mbaya zaidi, na wanaotumia pombe ili "kukata" miraa wapate usingizi wasiguse pikipiki kabisa. Dawa ya uchovu ni kulala.

Ajali ikitokea

Kwanza zuia ajali ya pili: zima injini na uwaonye wanaokuja kwa magari. Piga simu 999 au 112, au Shirika la Msalaba Mwekundu kwa 1199. Damu inayochuruzika ibanwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Mfupa uliotokeza usirudishwe ndani; ufunike na uuzuie mguu usichezecheze. Usimvue majeruhi helmeti ila kama hawezi kupumua, na usimkunje shingo. Usimpe maji wala chakula, maana huenda akahitaji upasuaji. Na tafadhali, usimpakie mtu aliyevunjika mguu au kuumia shingo katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine. Atafutiwe gari analoweza kulazwa.

Kidonda kilichofika mfupani kitibiwe hospitalini siku hiyo hiyo. Kinahitaji kusafishwa, dawa za kuua viini na sindano ya pepopunda. Anayekwenda kukandwa kwanza, akaja hospitali baada ya wiki, mara nyingi huja na usaha.

Mjomba alirudi

Kijana wetu alitembea kwa magongo kwa miezi mitano. Mwaka uliofuata mjomba alirudi, safari hii akaniuliza swali jingine: "Nimpe pikipiki tena, daktari?" Nikamwambia ampe, lakini ampe kwa mpango huu: helmeti mbili, ada ya shule ya udereva, na mlo wa majuma hayo ya mafunzo ili njaa isimsukume barabarani mapema. Mjomba akamtafuta pia mwendeshaji mmoja mtu mzima wa steji yetu, mwenye miaka mingi kazini bila kumwangusha abiria, amsimamie. Jioni za majuma hayo, nikipita uwanjani kuelekea nyumbani, nilimwona kijana akizunguka duara polepole, na yule mzee akiwa amesimama katikati na fimbo yake. Rafiki zake walimcheka kidogo, kisha wawili kati yao wakaja na pikipiki zao.

Jipime

Msomaji, mpe kijana wako maswali haya kabla ya kumpa ufunguo:

1. Nguvu nyingi ya kusimamisha pikipiki iko breki gani, na kwa nini?

2. Mwendo hupunguzwa lini, kabla ya kona au ndani yake?

3. Kwa kilomita 80 kwa saa, utahitaji meta ngapi ili usimame kwenye lami kavu?

4. Abiria akikataa helmeti kwa kuogopa mapunye, utamwambiaje?

Asipoweza kujibu, ufunguo ubaki mfukoni mwako. Mwenda pole hajikwai, na pikipiki itamngoja.