Tuta la Mboga Kabla ya Vuli: Bustani ya Nyumbani Pamoja na Mtoto wa Miaka Miwili

Vitabu vya kilimo cha bustani vilivyoandikwa Ulaya huanza na majira ya kuchipua. Huko mkulima hungoja theluji iyeyuke na udongo upate joto, kwani mbegu nyingi hazioti katika udongo wa baridi. Mwanafunzi wa Musoma asomapo vitabu hivyo hana budi kujiuliza: kwetu majira hayo ni lini? Musoma iko kiasi cha digrii moja na nusu kusini ya Ikweta, kando ya ziwa lililo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi kuliko yote katika mwaka ni dakika kumi hivi tu, na maji mengi ya Ziwa Victoria huzuia joto lisipande wala lisishuke kupita kiasi. Mbegu ya mchicha ikipata unyevu itaota mwezi wowote. Basi kinachofungua msimu wetu si joto bali ni maji.

Mvua za vuli huanza kiasi cha Septemba au Oktoba. Wiki za mwisho wa kiangazi zinazotangulia ndizo ngumu kwa chungu cha mboga: mgagani na mchicha wa porini umekwisha kukauka, na mboga za sokoni zimepanda bei. Anayeumia zaidi ni mtoto wa umri wa miaka miwili hivi, aliyeachishwa ziwa na kukabidhiwa ugali. Tumbo lake ni dogo, nao ugali humshibisha kabla hajapata vitamini na madini anayohitaji. Akikosa vitamini A kwa muda mrefu, macho yake hushindwa kuona wakati wa giza, na mwili wake hupigana na surua na kuharisha kwa shida. Matone ya vitamini A hutolewa kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 mara mbili kwa mwaka, lakini matone hayakukusudiwa kuchukua nafasi ya chakula. Majani ya kijani kibichi yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ilimradi pawepo mafuta kidogo chunguni. Chuma kilichomo katika majani hufyonzwa kwa shida. Kikiandamana na nyanya au limau, na dagaa wa ziwani waliosagwa, hufyonzwa vizuri zaidi. Dagaa huliwa wazima, na kwa sababu hiyo humpa mtoto kalisi ya mifupa pia.

Kwa hiyo tupande kabla ya mvua, mwishoni mwa Agosti, tuta dogo la mita 2 kwa mita 1 karibu na mlango wa jikoni. Maji yatatosha? Mwalimu wa hisabati na alifanye swali hili darasani. Milimita 1 ya maji iliyotandazwa juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Siku ya jua na upepo wa ziwani, tuta lenye mimea laweza kupoteza kiasi cha milimita 5. Tuta letu la mita 2 za mraba litahitaji lita 10 kwa siku, yaani ndoo ya lita 20 kwa kila siku mbili. Sehemu kubwa ya maji hayo tayari hupita mikononi mwetu tunaposuuza vyombo na kuosha mboga. Yamwagwe tutani, ila yale yenye sabuni nyingi. Udongo ukifunikwa kwa matandazo ya nyasi kavu, maji yanayopotea hupungua.

Udongo wenyewe hutofautiana. Musoma mjini, penye majabali makubwa ya matale, mara nyingi hakuna kina cha kutosha, na gunia lililojazwa udongo na mboji hufaa kuliko jembe. Katika nyanda za Bunda upo udongo mweusi wa mbugani, unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Huko tuta liinuliwe na kuchanganywa samadi iliyooza. (Mkazi wa kijiji cha Bunda kinachopakana na hifadhi atauliza mbona sijataja tembo. Tuta la mlangoni halimzuii tembo, lakini angalau hasara yake ni ya ndoo chache za maji.) Wilayani Butiama sina hofu na rutuba, bali na mahali. Upande wa Buhemba, ambako dhahabu imechimbwa tangu enzi za ukoloni, wachimbaji wadogo hutumia zebaki, na mchanga uliobaki baada ya kuoshwa dhahabu usitumiwe kamwe kwa bustani. Mtu mzima hupata udongo chini ya kucha; mtoto wa miaka miwili huula.

Tuchague mimea kwa kipimo cha subira ya mtoto. Mchicha huota katika siku chache, na huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Gramu moja yaweza kuwa na mbegu zaidi ya 1,000, hivyo zichanganywe na mchanga mkavu, zitawanywe, na kufunikwa kwa udongo mwepesi sana. Mbegu ndogo ina akiba ndogo, na ikizikwa chini huishiwa nguvu kabla ya kufikia mwanga. Mgagani uchukuliwe kutoka mbegu za msimu uliopita, kwani mbegu mpya hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota.

Mimea hii miwili ina siri moja inayostahili kusimuliwa. Katika usanisinuru, kimeng'enya kinachonasa kabonidioksaidi hukosea mara kwa mara na kunasa oksijeni, na kosa hilo huongezeka joto linapozidi. Kabichi na sukuma wiki hupata hasara hiyo. Mchicha na mgagani umo katika kundi liitwalo mimea ya C4, kwa kuwa kabonidioksaidi hunaswa kwanza katika kiungo chenye atomi nne za kaboni, kisha hupelekwa katika seli za ndani na kurundikwa humo hadi kimeng'enya kisipate nafasi ya kukosea. Kwa njia hiyo jani huweza kufungua vinyweleo vyake kidogo tu na kupoteza maji machache. Mwezi wa Agosti hiyo ni faida kubwa.

Kwa mtoto, hata hivyo, hakuna mbegu ipitayo kunde. Inashikika, na huchipua kwa tamasha: shina hutokeza likiwa limepinda kama ndoana, kisha hunyooka likiziinua ghalambegu zote mbili juu ya ardhi. Mahindi hayafanyi hivyo. Mtoto wetu, alipokuwa na miaka miwili na nusu, alizifukua kunde nilizopanda kila asubuhi, na siku ya tatu aliniletea moja yenye mzizi mweupe. Nilikasirika, kisha nikatazama vizuri. Alichokuwa nacho kiganjani ndicho ninachowachorea wanafunzi ubaoni kila mwaka. Kumkataza hakusaidii, maana kwa umri huo mtoto anajua kuwa kitu kilichofichwa bado kipo, naye hutaka kukiona. Afadhali apewe kopo lake la kufukua, na mbegu nyingine iwekwe katika chupa angavu kati ya karatasi nyevu na ukuta wa chupa, aione bila kuigusa. Ile aliyoing'oa ikirudishwa ardhini hunyauka, kwa kuwa vinyweleo vya mzizi, vilivyo vyembamba mno, vimekatika. Hiyo ndiyo sababu miche huatikwa jioni pamoja na bonge la udongo wake.

Sasa mambo ya hatari, ambayo vitabu vya bustani huyapita upesi. Kunde hunywa maji na kuvimba, na ndani ya pua ya mtoto hufanya vivyo hivyo; mbegu zihesabiwe anapopewa na anapozirudisha. Mbegu za dukani zilizotiwa dawa hupakwa rangi nyekundu, ya waridi, ya kijani au ya buluu. Rangi hiyo humwonya mtu mzima. Kwa mtoto ni mwaliko. Zisiguswe naye kabisa. Dawa ya wadudu isihifadhiwe katika chupa ya soda, na asidhaniwe kuwa salama kwa vile dawa ni ya miti shamba: mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wadogo walionyweshwa. Samadi mbichi ina bakteria wa kuharisha. Ikae miezi miwili au mitatu ikioza katika lundo lenye joto.

Tena kuna maji ya ziwa. Konokono wa ufukweni hutoa mabuu ya kichocho cha matumbo, yasiyoonekana kwa jicho, nayo hupenya ngozi ya yeyote anayesimama majini. Kumchukua mtoto ufukweni ili aone maji ya bustani yakitekwa ni kumpeleka kwenye chanzo cha ugonjwa. Mabuu hayo hayaishi zaidi ya saa 48 hivi nje ya konokono. Maji yaliyokaa siku mbili katika ndoo isiyo na konokono huwa yamepotewa na hatari hiyo, ingawa hayajawa ya kunywa. Ndoo ifunikwe, kwani mtoto wa umri huu huweza kuzama katika maji ya kina kifupi sana. Kwa miaka mingi ugawaji wa prazikwanteli uliwalenga zaidi watoto wa shule, na wadogo zao wakaachwa nje. Ni Desemba 2023 ndipo Shirika la Dawa la Ulaya lilipotoa maoni ya kuikubali arprazikwanteli, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa miezi 3 hadi miaka 6.

Wiki ya nne huja uchumaji, na hapo mtoto awe huru. Tabia yake ya kukonyoa ncha za mimea, ambayo ingeharibu kabichi, inafaa kwa mchicha. Ncha ya shina hutengeneza homoni iitwayo auksini, inayoyazuia machipukizi ya pembeni yasikue. Ncha ikiondolewa, kizuizi hutoweka. Aonyeshwe shina alilolikonyoa, lifungwe uzi, na aletwe tena baada ya wiki moja; atakuta matawi mawili au matatu mahali alipochuma moja, na huenda akayakonyoa nayo.