Ili Kahawa Ikurushe Msimu Huu

Jirani yako jana alikuwa na nyumba ya udongo, leo anapandisha matofali. Karagwe na Kyerwa tunayaona haya kila bei ya kahawa inapopanda. Nawe unaweza, mradi bei ikipanda kahawa iwe bado yako.

Kwa hiyo, kwanza kabisa, usiuze butura, yaani kahawa ambayo bado haijavunwa. Ukiuza maua yakiwa mtini, bei ikiruka anaruka mkopeshaji. Wewe utachuma, utaanika, utabeba, halafu utakabidhi magunia. Ada ya shule ya Januari itenge mara tu unapolipwa fedha za kahawa, kabla hujanunua kitu kingine. Ukibanwa katikati ya mwaka, uza mikungu ya ndizi, maharage au hata mbuzi. Ukilazimika kukopa, kopa kwenye kikundi cha VICOBA, deni la kurudisha kwa fedha, si kwa kahawa. Na mzungumze nyumbani, mke na mume, maana mmoja anaweza kufunga butura mwenzake hajui.

Chuma nyekundu tu. Najua watoto wana haraka na wezi wapo, lakini mbichi hukauka nyepesi na mizani haina huruma. Rudia mti uleule kila zinapoiva.

Anika kwenye chanja au turubai, kamwe si juu ya udongo. Geuza mara kwa mara, funika mvua ikinyesha na usiku. Tikisa maganda mkononi: yakilia kwa ndani, yamekaribia kukauka.

Peleka kwenye chama chako cha ushirika, AMCOS, kahawa iingie mnadani kupitia chama kikuu, KDCU. Simama karibu na mizani, soma kilo mwenyewe, ondoka na stakabadhi. Usivushe usiku kwenda Uganda. Ukikamatwa, msimu wote umekwisha.

Mibuni ya babu imechoka? Usiing'oe yote. Kata robo ya shamba kila mwaka, kimo cha goti, kwa mshazari ili maji yasituame. Acha machipukizi matatu yenye nguvu. Miti iliyobaki itakulisha wakati iliyokatwa inachipua.

Palipo na mapengo, tafuta miche ya taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI Maruku: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 au Muleba 1. Inastahimili mnyauko fuzari, ugonjwa uliofyeka mibuni mingi Kagera tangu miaka ya 1990. Mbuni ulionyauka ung'oe na mizizi, uuchome palepale, usiuburute kibanjani. Chimba mashimo mapema, mita 3 kwa 3, uweke samadi, upande mvua za vuli zikishika.